Seva ya Kabatini na Macho ya Mama

12 Februari

Mdogo wangu Mhandisi,

Habari za huko milimani, na minara inasimama? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unalala na soksi. Shangazi alikuja kututembelea, akapanga upya jiko lote, akaondoka akiwa ameridhika. Mpaka leo tunatafuta chujio la chai.

Mama alikwenda kwa daktari wa macho mwezi uliopita, akapewa miwani mipya. Mengine aliyoambiwa ameniapisha nisikueleze. Anasema atakwambia mwenyewe mkiwa mmekaa uso kwa uso. Nimekubali kiapo, kwa hiyo usinihoji.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta ya tarizi pale dukani kwetu imekufa. Nilimwita jirani mwenye duka la vipuri, akaifungua, akainusa, akasema, "Dada, hii ni maiti, nyie mnaikanda kifua bure." Ubao wake wa ndani umeungua. Diski imepona. Unajua programu ya michoro ya Mama haikubali Windows mpya, na Linux, mfumo ule mwingine, haiijui kabisa, na walioitengeneza walishafunga biashara. Bila hiyo, cherehani ya kutarizi ni meza ya bei ghali, na nembo za shule tatu zinasubiri.

Nimesoma kwamba seva, ile kompyuta ya kuhifadhia mafaili uliyotufungia kabatini, inaweza kubeba kompyuta nyingine ndani yake, ile Windows ya zamani ikaishi humo ikidhani iko kwenye mwili wake. Nimeona majina matatu ya programu za kufanya hivyo: Proxmox, VirtualBox na KVM. Mimi nimeishia kidato cha nne, ila kusoma maelekezo najua. Niambie nichague ipi na kwa nini.

Haraka ipo. Mama anataka michoro yote iliyobaki kwenye makaratasi iingizwe kabla ya mwaka kwisha, na anataka kuiingiza kwa mkono wake.

Dada yako

5 Machi

Bibi Tarehe, dada yangu usiyesahau siku,

Nimecheka hiyo ya Shangazi mpaka msimamizi akadhani nimepatwa na ugonjwa wa milimani. Huku sote wazima. Tunajenga minara ya simu mahali ambapo simu hazishiki mpaka tumalize mnara, na tukimaliza tunahamishwa. Ndiyo maana nategemea barua kama babu zetu. Mwambie Mama soksi ni mbili mbili, kuna baridi.

Kuhusu seva: weka Proxmox. Usipoteze muda na nyingine. Kazini ndiyo tunayotumia. Inachukua mashine nzima, inaanza nayo tangu chini, halafu mashine pepe zote, yaani hizo kompyuta za ndani yake, unaziona kwenye ukurasa mmoja wa kivinjari. Uzuri wake mkubwa ni kwamba nikiwa popote penye mtandao naweza kuingia, nikaona kinachoumwa, nikatibu. Wewe hutahitaji kugusa kitu. Nakuambatanishia karatasi mbili za hatua. Ukurasa wa pili unaeleza jinsi ya kunifungulia mlango wa kuingilia kutoka mbali, huo usiuruke. Huko niendako mtandao ni mzuri.

Diski ya seva itafutwa yote, kwa hiyo toa nakala kwanza. Na usikimbie. Michoro imekaa kwenye makaratasi miaka yote, itakufa wiki hii? Mpe Mama pole ya miwani. Wazee wote huvaa.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na Mama amefurahi. Alinipa barua nimsomee. Zamani alikuwa ananipokonya, akaisoma kwanza yeye, tena kwa sauti ya kukuigiza.

Mvua imeanza. Bati la upande wa chumba cha kukatia linavuja, nimelitia lami. Mshonaji wetu wa vifungo amejifungua salama, mtoto wa kike.

Nimesoma karatasi zako mara mbili, nikakaa na kitabu changu nikaandika maswali. La kwanza: kwa nini nifute seva inayofanya kazi, yenye picha za familia na mafaili ya wateja, ili niweke programu moja tu ya Windows? Nakala nitatoa, sawa. Lakini siku ya kufuta nikikosea hatua moja, wewe uko mlimani. Nani atanishika mkono? La pili: Proxmox ni ya mtu mwenye mashine pepe kumi. Sisi tunayo moja. Ni kama kununua basi la kumpeleka Mama sokoni.

VirtualBox nimeijaribu kwenye kompyuta yangu ndogo, na imekubali. Nilichoona ni kwamba Linux ikipata kiini kipya, ule moyo wake unaoendesha kila kitu, kuna kipande cha VirtualBox nacho lazima kitengenezwe upya. Nikisahau, asubuhi Mama anakuta haiwaki. KVM yenyewe imo ndani ya kiini tangu mwanzo. Sijaamua.

La tatu si la kompyuta. Umeandika "huko niendako". Unakwenda wapi? Ulituambia mkataba wako unakwisha Novemba na Desemba uko nyumbani. Nataka jibu la neno moja: Desemba unarudi au hurudi?

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Nisamehe kuchelewa, gari la vifaa lilikwama njiani na posta nzima ikakwama nalo. Mimi mzima. Mpe hongera mshonaji.

Kwa kweli barua yako imenikera kidogo. Uliniomba ushauri, nikakupa, sasa unanipa mtihani. Mimi ndiye niliyesomea kazi hii. Ile seva niliifunga mimi, skrubu kwa skrubu. Nakwambia Proxmox kwa sababu naijua kama kiganja changu, na kikiharibika kitu nitakuwa na uwezo wa kuingia na kukitengeneza mwenyewe. Ukiweka kitu kingine utakuwa peke yako nacho. Hilo ndilo unalolitaka?

Wewe fungua huo mlango wa mbali tu. Hata kama hutaki Proxmox, fungua mlango.

Mwambie Mama ninamkumbuka sana. Mengine tutaongea.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Amepungua kidogo, lakini anakula. Asubuhi anakaa kwenye mashine kabla sijafungua dirisha la duka. Ukimwita kula anasema, "Huyu ndege hajapata bawa la pili, niache." Michoro imebaki kama theluthi.

Umesoma vizuri? Anakaa kwenye mashine. Inafanya kazi.

Nimeweka KVM. Nakueleza kwa utaratibu ili usiniambie nimebahatisha. Nilinakili diski ya zamani yote ikawa faili moja kubwa ndani ya seva. Nikatengeneza mashine pepe kwa kutumia kile kidirisha chake, nikaiambia isome faili hilo. Mara ya kwanza nilipata skrini ya buluu, ile ya Windows kugoma, na ya pili hivyo hivyo. Nilipoiambia diski ijifanye ni ya aina ya zamani, IDE, Windows ikaamka kama mtu aliyelala safarini, ikaniuliza tarehe. Michoro yenyewe nimeiweka nje, upande wa Linux, ili mashine pepe ikifa leo michoro isife nayo. Sikufuta chochote. Picha zako za utotoni bado zipo, hata ile ya suruali iliyochanika.

Kasoro iko moja. Kile kijiti cha leseni cha USB, ambacho programu haifunguki bila hicho, mashine pepe inakiona leo na kesho haikioni. Asubuhi nyingine inabidi niingie kabatini nikiunganishe upya, na Mama anasubiri huku anapigapiga meza kwa kidole. Hapo nahitaji akili yako, nakiri bila aibu.

Mlango wa mbali sikuufungua. Nitakwambia ukweli. Nilipoona umeuomba mara ya kwanza nikaona ni busara. Ulipouomba mara ya pili na swali langu ukaliruka, nikaelewa. Mtu anayerudi nyumbani Desemba haombi mlango wa kuingilia kutoka mbali. Ndiyo maana nimechagua kitu ninachoweza kukitengeneza mwenyewe. Umesema nitakuwa peke yangu nacho. Ndiyo, nimekwishaliona hilo.

Dada yako

25 Mei

Dada,

Natumaini mu wazima. Huku mnara wa nne umesimama.

Hongera ya KVM. Sikutegemea uiamshe Windows ile, nakuvulia kofia ya kazini.

Nimepewa mkataba mwingine. Ni wa ofisini makao makuu, si wa kupanda milima tena, na ni wa miaka miwili bila likizo ndefu kwa mwaka wa kwanza. Karatasi ninayo, sijatia sahihi, wanaitaka mwisho wa Julai. Sikutaka kuliandika kabla sijaamua. Usimwambie Mama bado. Kama angekuwa na neno zito angeniambia, au wewe ungeniambia. Mmenyamaza, kwa hiyo najua hakuna baya sana, ila uzee. Si ndivyo?

Kijiti cha leseni siwezi kukitibu kwa kukisia. Nakili mashine pepe nzima kwenye diski ya nje, faili la diski pamoja na faili la maelezo yake, unitumie. Hapa nina kompyuta yenye KVM. Nitaiamsha hapa niitazame.

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu,

Sote tupo. Barua hii ni fupi.

Diski hiyo hapo, nimeizungushia kitambaa cha pamba. Humo ndani iko mashine ya Mama kama anavyoiacha jioni, sikugusa kitu.

Umeniuliza, "Si ndivyo?" Nimeapa. Ningekuwa na ruhusa ya kujibu, maneno matatu yasingetosha. Mwandikie Mama mwenyewe umuulize. Hujamuuliza hata mara moja tangu Februari. Umempa pole tu.

Mkataba wako sijamwambia.

Dada yako

1 Julai

Bibi Tarehe,

Naona umenuna. Umenuna vizuri, kwa mpangilio, kama kawaida yako.

Nimeiamsha mashine ya Mama. Ugonjwa wa kijiti nimeupata kwenye faili la maelezo. Uliiambia mashine pepe imchukue abiria aliyekaa kiti namba fulani. Sasa kijiti kikichomolewa na kuchomekwa tena, Linux inakipa kiti kingine, na mashine inabaki inaangalia kiti kitupu. Mwizi wa kiti ninamjua: Mama anakichomoa kila jioni na kukifungia kwenye kopo la vifungo, kweli au uongo? Nimeandika jina la abiria badala ya namba ya kiti. Achomoe atakavyo, akichomeke tundu lolote, kitapatikana.

Kitu kingine nimekurekebishia bila kuombwa. Skrini uliiharibu vibaya! Herufi kubwa kama za bango la barabarani, njano juu ya nyeusi, mshale mnene kama kiatu, na neno moja linajaza nusu ya kioo. Nadhani ulibofya kitu wakati unahangaika na ile skrini ya buluu. Nimerudisha kila kitu kawaida, sasa kunapendeza, mtu anaona kazi yake yote kwa mara moja. Usinishukuru.

Diski naituma kwa dereva wa vifaa, anapita mtaani kwenu. Barua naitia posta, ili kimoja kikipotea kingine kifike. Weka nakala hii mahali pa ile ya kwanza.

Ya Desemba tutaongea. Mpe Mama salamu zangu.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Diski yako ilitangulia, barua ikafuata nyuma kwa siku nne. Dereva alinipa diski na kikaratasi chenye maneno yako, "Weka hii mahali pa ile." Nikaweka Jumapili, Mama akiwa kwa jirani. Niliiwasha nikiwa kabatini kwenye seva, nikaona kwa kompyuta yangu ndogo kijiti kimeshikwa, nikakichomoa na kukichomeka tundu la pili, kikashikwa tena. Nikafurahi, nikafunga kabati. Kioo cha Mama kiko chumba cha kazi, sikukitazama.

Jumatatu nilitoka mapema kufuata nyuzi. Niliporudi nikamkuta Mama ameketi mbele ya kioo, mikono mapajani. Cherehani ameshaifunika kwa kitambaa chake, na kijiti kimesharudi koponi. Ilikuwa asubuhi bado.

Nikamwambia, "Mama, mbona umefunga kazi?"

Akasema, "Imekwisha. Nilidhani yataondoka polepole."

"Nini?"

"Macho. Yameondoka usiku. Jana nilisoma, leo kuna vumbi tu."

Sikuelewa. Nikasimama mbele yake nikanyoosha mkono. "Vidole vingapi?"

"Vitatu. Usinichezee, mimi si mtoto."

"Basi si unaona!"

"Mkono nauona. Kazi siioni." Akageuza uso ukutani, akaanza kupapasa kitambaa cha shule, upindo kwa upindo, kama anajifunza. Mama yako, ambaye uzi mweusi na wa buluu nzito alikuwa anautofautisha kwenye kivuli.

Ndipo nilipotazama kioo. Herufi ndogo, safi, nyeupe, kama ulivyoziacha. Mimi nilizisoma nikiwa mlangoni.

Nilivuta kiti nikakaa pale pale. Nikazirudisha zilivyokuwa: kubwa, njano, nyeusi, mshale kama kiatu. Nilizikuza vile mwezi wa nne, nikaongeza wa tano, nikaongeza tena mwanzoni mwa wa sita. Sikuharibu kitu. Nikamwambia, "Geuka."

Aligeuka. Akasogea kwenye kioo. Akasoma kwa sauti neno lililokuwa pale. Kisha akauliza, "Nani kafanya hivi?"

Nilitaka kusema ni mashine. Nikasema, "Mwanao. Bila shaka alidhani nimeharibu mimi."

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui. Uliniapisha."

"Nilikuapisha," akasema. "Nilisema aje kwa kupenda, asije kwa kuhurumia. Sasa nimekaa saa nzima nikidhani uso wake sitauona tena, na hiyo huruma sijaona ubaya wake uko wapi. Mwandikie."

Basi naandika. Daktari alisema katikati ya jicho panafifia, pembeni patabaki. Dawa ya kurudisha hakuna. Alisema mwaka, labda pungufu, na hiyo ilikuwa Januari. Ndiyo haraka yote. Michoro imebaki kidogo sana na ataimaliza, nakuhakikishia, hata nikikuza herufi moja ijaze kioo. Kwa hilo hatukuhitaji wewe.

Mama amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Sauti yake nitaijua hata ikipita barabarani na gari likipiga honi. Uso ndio wenye muda mfupi."

Ya mkataba nimemwambia pia, jioni ile ile. Alisema kazi ya ofisini ni nzuri, utaacha kulala na soksi. Halafu akaomba nizime taa, akalala bila kula.

Sikukasirikii kwa herufi. Ungejuaje? Nakukasirikia kwa Februari mpaka leo.

Dada yako

26 Julai

Dada,

Sijui kuanza kwa salamu. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi ya mnara, mwenzangu akanishika mkanda, akadhani nateleza.

Niliyaona. Niliiwasha ile mashine, nikaona herufi zile, nikatumia asubuhi nzima kuzifuta moja moja, huku nacheka na wenzangu kwamba dada yangu anaandikia ng'ombe. Hata kabla ya hapo niliyaona. Miwani, kusomewa barua, haraka. Nilijiambia uzee, kwa sababu uzee unasubiri mpaka mtu amalize mkataba.

Karatasi nimeirudisha bila sahihi. Msimamizi ameniambia mnara huu wa tano una mafundi wa kutosha, na kama nina mama niende. Wake alizikwa yeye akiwa juu ya mnara wa watu wengine. Nikaanza kufunga mizigo. Gari la vifaa linashuka Alhamisi, nitakaa nyuma na nyaya.

Kwenye seva usibadilishe kitu. KVM yako ibaki, herufi zibaki, mlango wa mbali usiufungue.

Nikifika mlangoni, nakuomba usiseme ni nani. Wala mimi sitasalimia. Mwache Mama aangalie.

Mdogo wako